Gari Likichemka: Lugha ya Dalili katika Upimaji wa Injini

0. Utangulizi

Katika karakana za magari za mji wa Lubumbashi, kama katika karakana za miji mingine mingi, kuna neno moja lisemwalo kwa haraka na kueleza machache: "Inachemka." Mwenye gari hulitamka akiwa bado anashuka, fundi hulipokea akiwa na spana mkononi, na kabla hawajamaliza kusalimiana vema, jina la kifaa limekwisha kutajwa. Litakuwa rejeta, au pampu ya maji, au ile iogopwayo kuliko zote, gasketi ya kichwa cha silinda, ambayo mafundi wetu huijua kwa jina lake la Kifaransa, joint de culasse. Kifaa hununuliwa, hufungwa, na mara nyingi gari hurudi juma lifuatalo likichemka vilevile. Fedha imekwenda na ugonjwa umebaki.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kutafuta sababu ya injini kuchemka, kwa utaratibu na bila kutanguliza ununuzi. Hoja yetu ni moja. Kuchemka si jina la ugonjwa bali ni jina la dalili, na kinachotenga ugonjwa mmoja na mwingine si ukali wa joto, bali ni wakati na hali ambamo joto hilo hupanda. Mwenye gari awezaye kueleza lini na katika hali gani, amekwisha kumfanyia fundi nusu ya kazi. Asiyeweza, hulipia majaribio.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la taaluma ya Kiswahili lijishughulishe na rejeta. Tunajibu kwamba kueleza dalili ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya mikono. Mganga hamtibu mgonjwa asiyeweza kusema panapomuuma, isipokuwa kwa kubahatisha. Na gari, kwa kuwa halisemi, husemewa na dereva wake. Ubora wa tiba hutegemea ubora wa masimulizi.

1. Majina hutofautiana, vitenzi hupatana

Mtu akisafiri kutoka Lubumbashi hadi Dar es Salaam atakuta kwamba majina ya sehemu za injini yamebadilika njiani. Kwetu majina mengi yametoka katika Kifaransa: radiateur, culasse, courroie, ventilateur, kila moja likipata matamshi ya wenyeji. Upande wa Tanzania na Kenya yametoka katika Kiingereza: rejeta, gasketi, feni, themostati. Katika makala haya tunatumia maumbo haya ya pili kwa kuwa ndiyo yaliyozoeleka zaidi katika maandishi ya Kiswahili sanifu. Msomaji aliyelelewa na majina ya Kifaransa hatapata taabu kuyatambua.

Vitenzi, kinyume chake, havikubadilika sana. Kuvuja, kuziba, kukwama, kulegea, kupasuka, kupinda, kuchemka: hapa fundi wa Kolwezi na fundi wa Mwanza wataelewana bila mkalimani. Jambo hili ni kubwa kuliko lionekanavyo. Jina hutaja kitu kilichomo ndani ya gari, kiwe kizima au kibovu; kitenzi ndicho kitajacho kilichotokea. Rejeta iliyoziba na rejeta inayovuja ni kifaa kimoja chenye maradhi mawili, na dawa zake ni kinyume: ya kwanza yahitaji kuzibuliwa, ya pili yahitaji kuzibwa. Kwa hiyo mteja asemaye "ni rejeta" hajasema kitu bado.

Chombo cha pili ambacho lugha yetu inatupatia ni kiambishi -ki- cha masharti. "Likisimama, lachemka" na "likikimbia, lachemka" ni sentensi mbili zinazotofautiana kwa shina moja tu la kitenzi, lakini zampeleka fundi kwenye pande mbili tofauti za injini, kama tutakavyoona. Katika mazungumzo ya kila siku mjini mwetu mtu aweza kusema pia "kama nasimama", na maana isipotee. Linalotakiwa si umbo fulani la kisarufi. Ni kwamba sharti litajwe.

2. Safari ya joto

Injini ni tanuri. Kwa makadirio yanayofundishwa katika ufundi wa magari, nishati ya mafuta yanayoungua hugawanyika takriban katika mafungu matatu: theluthi moja huendesha gari, theluthi ya pili hutoka pamoja na moshi, na theluthi ya tatu huingia katika chuma cha injini na haina budi kuondolewa. Kazi ya kuiondoa hufanywa hasa na maji.

Pampu, ambayo katika magari mengi huzungushwa na mkanda, husukuma maji katika njia zilizochimbwa kandokando ya silinda na ndani ya kichwa chake. Maji yakiwa bado ya baridi, themostati hufunga njia iendayo kwenye rejeta, nayo huzunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Yafikapo nyuzi 82 hadi 90 za Selsiasi hivi, kutegemea aina ya gari, nta iliyomo ndani ya themostati huyeyuka, hutanuka, na kusukuma mlango. Hapo maji ya moto hupita katika mpira wa juu, huenea katika mirija myembamba ya rejeta, hupozwa na upepo, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Upepo huo huletwa na mwendo wa gari lenyewe. Gari lisimamapo, huletwa na feni.

Limebaki jambo moja ambalo madereva wengi hawalitilii maanani, nalo ni kanieneo. Katika magari ya kwanza ya Karl Benz maji yaliachwa yachemke na kupotea kwa mvuke. Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim mwezi wa Agosti 1888, ilimlazimu yeye na wanawe wawili kutafuta maji njiani mara kwa mara. Magari ya siku hizi huyafungia maji ndani. Kifuniko cha rejeta si kizibo tu kama cha chupa. Kina springi izuiayo mpaka kanieneo izidi ile ya hewa ya nje kwa bar moja hivi. Maji yaliyobanwa namna hiyo hayachemki kwenye nyuzi 100, bali kwenye nyuzi 120 hivi yakiwa katika usawa wa bahari.

Sisi wa Lubumbashi tunaishi mita zipatazo 1,200 juu ya bahari, na maji ya chungu kilicho wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Goma na Bukavu, zilizo karibu na mita 1,500, ni nyuzi 95. Matokeo yake ni haya: gari ambalo kifuniko chake kimelegea laweza kustahimili Matadi, karibu na usawa wa bahari, na lilelile likachemka Lubumbashi, ingawa injini yake ina joto la halali kabisa. Kifuniko ni kifaa rahisi kuliko karibu vyote katika mfumo huu, na pengine ndicho kisahauliwacho kuliko vyote.

Kutokana na safari hii ya joto twapata maswali manne tu. Je, maji yapo na yamebanwa? Je, yanazunguka? Je, upepo unapita katika rejeta? Je, joto linalozalishwa ni la kawaida? Kila sababu ya kuchemka ni jibu la "hapana" kwa mojawapo ya maswali haya.

3. Lini? Hali sita na maana zake

(a) Likisimama, joto lapanda, likienda, lashuka. Maji yapo, yanazunguka, na mwendo ukileta upepo mambo hutengemaa. Kinachokosekana ni upepo wa gari lililosimama, yaani feni. Ikiwa ni feni ya umeme, huchunguzwa fyuzi, relei, waya, mota yake na kihisi kiiamrishacho kuwaka. Ikiwa ni feni iendeshwayo na mkanda, huchunguzwa mkanda uliolegea na klachi ya feni iliyochoka. Hii ndiyo hali ya teksi iliyokwama katika msongamano wa magari na ya lori lililo katika foleni ya mpakani Kasumbalesa. Kumfungulia gari la namna hii kichwa cha silinda ni sawa na kumpasua mgonjwa mwenye mafua.

(b) Likienda mbio au likipanda mlima, joto lapanda. Likipunguza mwendo, lashuka. Hapa feni haina kesi, maana upepo upo tele. Injini inazalisha joto jingi na mfumo hauwezi kulisafirisha lote. Huenda mirija ya rejeta imeziba kwa kutu na chokaa ndani, au mapezi yake yamejaa vumbi na mbegu za majani nje, jambo la kawaida kwetu katika miezi ya kiangazi. Huenda themostati yafunguka nusu. Huenda mapanga ya pampu yameliwa na kutu. Huenda mpira wa chini umelainika na kunywea kwa kunyonywa na pampu injini ikizunguka kwa kasi, kisha ukajaa tena gari likisimama, hata fundi asione kitu. Katika hali hii pia ndipo swali la nne huulizwa: breki inayokamata, mzigo uliopita kiasi, cheche zinazochelewa, au bomba la moshi lililoziba, vyote huilazimisha injini kuzalisha joto kupita kawaida.

(c) Punde tu baada ya kuwashwa, joto lapanda. Injini baridi haiwezi kuchemka katika dakika chache ikiwa maji yapo na yanazunguka. Ama maji yamepungua sana, ama themostati imekwama ikiwa imefungwa, ama mkanda wa pampu umekatika. Ikiwa mipira ya maji yawa migumu mara tu injini iwakapo, kabla maji hayajapata moto, basi kinachoijaza si mvuke bali ni hewa ya moto kutoka katika silinda. Hapo, na ni hapo tu, gasketi yaanza kushukiwa kwa haki.

(d) Mshale wapanda ghafla, washuka ghafla. Mara nyingi maji ni machache, au hewa imenaswa ndani baada ya matengenezo, na kihisi huguswa mara na maji mara na mvuke. Dalili ya pili huithibitisha ya kwanza: kipasha-joto cha ndani ya gari, kikifunguliwa, hutoa hewa baridi ingawa injini ni ya moto.

(e) Likizimwa, ndipo lachemka. Pampu imesimama, lakini chuma bado kina joto, nalo huhamia katika maji yaliyotulia. Kupanda kidogo kwa namna hii ni kawaida. Kama maji yamwagika nje kila mara, kwanza ni kifuniko kishukiwe.

(f) Mshale hausemi kweli. Mshale ukipanda nao mpira wa juu ukawa vuguvugu tu, ama themostati imekwama, ama kihisi chadanganya. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: maji yakiisha, kihisi kilichobaki katika hewa tupu chaweza kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Dereva aonaye mvuke na asiuamini kwa sababu mshale uko chini, huua injini yake mwenyewe.

4. Vipimo vya kutangulia

Utaratibu ufaao ni kuanza na kile kisichogharimu kitu, injini ikiwa baridi, na kuelekea kwenye kile cha gharama.

Kwanza, maji. Yatazamwe katika rejeta yenyewe, si katika chupa ya akiba peke yake, kwani chupa yaweza kujaa na rejeta ikawa tupu endapo kifuniko hakinyonyi. Rangi yake itazamwe pia: kutu humaanisha kwamba maji matupu yametumika muda mrefu. Sisi hatuna baridi ya kugandisha maji, na kwa hiyo wengi huona kiowevu maalumu cha rejeta kuwa anasa. Lakini kiowevu hicho huzuia kutu, na kikichanganywa nusu kwa nusu na maji husogeza mbele kiwango cha kuchemka kwa nyuzi kadhaa. Maji ya visima vya nchi yenye mawe ya chokaa, kinyume chake, huacha ukoko ndani ya mirija kama ule uonekanao katika birika la nyumbani.

Pili, kifuniko. Mpira wake usiwe umepasuka, na springi yake isiwe imelegea.

Tatu, mkanda, mipira na ardhi iliyo chini ya gari. Tone dogo lililokauka huacha alama nyeupe au yenye rangi. Pampu ikianza kufa, mara nyingi huvuja kwanza katika tundu dogo lililo chini ya mhimili wake.

Nne, mbele ya rejeta. Kurunzi imulikwe upande mmoja na jicho liwe upande wa pili. Ikiwa nuru haipiti, upepo nao haupiti. Huoshwa kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili mapezi yasikunjwe.

Tano, themostati. Injini iwashwe ikiwa baridi, na mpira wa juu uguswe kwa tahadhari, mbali na feni. Kwa dakika kadhaa utakuwa baridi, kisha utapata moto kwa ghafla: mlango umefunguka. Ukibaki baridi wakati mshale wazidi kupanda, mlango umekwama. Wapo mafundi waitoao themostati na kuitumbukiza katika sufuria ya maji jikoni. Kipimo ni kizuri, lakini hapa kwetu kina mtego wake. Themostati iliyoandikwa 88 huanza kufunguka kwenye nyuzi 88, nayo hufunguka kabisa karibu na nyuzi 100. Maji ya sufuria mjini Lubumbashi hayafiki huko. Huchemka kwenye 96 na hayazidi. Fundi aonaye mlango uliofunguka sehemu tu asiitupe, kwani huenda ni nzima kabisa.

Sita, feni. Iachwe injini ipate moto gari likiwa limesimama, na feni ingojewe. Katika magari mengi yenye kipoza-hewa, kukiwasha kipoza-hewa hicho huiamrisha feni nayo kuzunguka. Isipozunguka, fyuzi na waya vifuatwe.

Saba, na mwisho, gasketi. Ishara zake ni mapovu yasiyokoma ndani ya rejeta iliyo wazi tangu injini ikiwa baridi, oili iliyogeuka rangi ya maziwa, moshi mweupe usiokatika hata injini ikiwa ya moto, na maji yapungukayo bila tone kuonekana chini. Ishara moja peke yake haitoshi. Kipo kipimo cha kemia ambacho fundi mwenye zana aweza kukifanya: hewa itokayo juu ya maji ya rejeta hupitishwa katika kiowevu cha buluu, nacho hugeuka manjano kikikutana na hewa-ukaa ya moshi wa silinda. Kipimo hicho kifanywe kabla ya kufungua kichwa, si baada yake.

5. Mhanga na mkosaji

Hapa yafaa tuseme neno juu ya gasketi, kwa kuwa ndipo fedha za watu zinapoteketea. Katika magari mengi kichwa cha silinda ni cha alumini, na mara nyingi mwili wa injini ni wa chuma cha kalibu. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Injini ikichemka kupita kiasi, kichwa hutaka kutanuka, boliti humzuia, naye hupinda. Gasketi iliyo katikati hupondwa. Maana yake ni kwamba gasketi iliyoungua mara nyingi ni tokeo la kuchemka kwa kwanza, ndipo nayo ikawa sababu ya kuchemka kwa pili. Ni mhanga kabla ya kuwa mkosaji.

Fundi abadilishaye gasketi bila kuuliza ni nini kilichoichemsha injini siku ile ya kwanza, ameiacha feni iliyokufa au rejeta iliyoziba mahali pake, nayo itaipika gasketi mpya kama ilivyoipika kuukuu. Tena, kichwa kilichopinda kisipopimwa kwa rula nyofu na kurandwa, gasketi mpya haitakaa. Kwa kawaida kupinda kunakovumiliwa hakuzidi sehemu ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho halikioni.

Desturi nyingine ya kujadiliwa ni kuiondoa themostati moja kwa moja, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Hoja hii huvutia lakini haisimami. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi, na vyuma vyake husagika upesi. Zaidi ya hayo, katika injini nyingi themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato wakati mlango mkubwa unapofunguka. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi katika injini bila kufika kwenye rejeta. Dawa hiyo huongeza ugonjwa.

6. Njiani

Yote tuliyosema ni ya karakana. Dereva aliye njiani kati ya Lubumbashi na Likasi, mshale ukiwa umeingia kwenye wekundu, ana mambo machache ya kufanya, na mpangilio wake ni muhimu kwa mwili wake kuliko kwa gari.

Joto likianza tu kupanda, azime kipoza-hewa na afungue kipasha-joto cha ndani kwa nguvu zake zote, hata kama abiria watanung'unika. Hiyo ni rejeta ndogo ya pili. Likizidi, asimame mahali pa salama na azime injini. Kisha angoje, nusu saa au zaidi. Asifungue kifuniko. Maji yaliyo ndani yamepita kiwango cha kuchemka na yanazuiwa na kanieneo peke yake. Kifuniko kikifunguliwa, sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, na maji yakigeuka mvuke hujaza nafasi ipatayo mara 1,600 ya ile ya kwanza. Mvuke huo hauna pa kwenda isipokuwa kwenye mikono na uso wa aliyeinama. Kitambaa hakimkingi mtu na hilo. Kinachomkinga ni subira.

Wala asimwage maji baridi juu ya injini au ndani yake ingali ya moto, kwa maana chuma kinachonywea upande mmoja na kutanuka upande mwingine hupasuka. Mpira wa juu ukiweza kushikwa kwa mkono bila kuunguza, na ukibonyea kwa urahisi, ndipo kifuniko kifunguliwe taratibu na maji yaongezwe kidogokidogo.

7. Mfano wa masimulizi

Tuweke sasa kando kwa kando masimulizi mawili ya kubuni, ili tofauti ionekane. La kwanza:

– Fundi, gari lachemka. Nadhani ni joint de culasse.
– Sawa, papa. Lilete, tutafungua.

La pili:

– Fundi, gari lachemka tangu juma lililopita. Likisimama kwenye msongamano, mshale wapanda. Nikitoka mjini na kukimbia, washuka. Maji hayapungui. Asubuhi halina shida.
– Papa, feni waisikia ikizunguka?
– Siku hizi siisikii.
– Basi tusifungue kitu. Tuanze na fyuzi.

Katika la pili hakuna jina hata moja la kifaa lililotajwa na mteja. Kuna vitenzi, kuna -ki- ya masharti, kuna wakati uliotajwa, na kuna ukanushi mmoja wenye thamani kubwa: "Maji hayapungui." Sentensi hiyo fupi imeondoa uvujaji wote katika mashaka. Fundi naye amejibu kwa swali, si kwa bei.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuchunguza injini inayochemka ni kufuata joto katika safari yake na kuuliza lilikozuiwa. Kwamba maswali ni manne, na kwamba wakati na hali ya kupanda kwa joto ndivyo vinavyotuambia ni swali lipi litangulie. Tumeonyesha pia kwamba Kiswahili, pamoja na majina yake ya kuazima yasiyolingana kutoka nchi hadi nchi, kina vitenzi na viambishi vinavyotosha kabisa kwa kazi hii.

Kwa wanafunzi wetu wanaotafuta mada za utafiti, karakana ni uwanja ambao haujalimwa vya kutosha. Istilahi haziundwi na kamati peke yake. Huundwa pia na watu wenye oili mikononi, wanaolazimika kuelewana leo kabla ya jua kuchwa. Na kwa msomaji mwenye gari, ushauri wetu ni mwepesi: akienda kwa fundi, jina la kifaa aliache nyumbani, na achukue masimulizi yaliyo kamili. Gari laanza kuchemka lini? Likifanya nini? Maji yapungua au hayapungui? Majibu matatu hayo hayagharimu faranga hata moja, nayo huweza kumwokolea kichwa kizima cha silinda.